STAA ALIYEMWITA MZEE WA KEGI TAPELI AFUTE ILE VIDEO

Wadau, ile video ya bethidei ya Houston imeshazunguka kila grupu la WhatsApp kuanzia Sinza mpaka South B, na wengi wanacheka tu. Jamaa, mtangazaji wa zamani wa redio aliyehamia Marekani, kapiga kaptula na kofia pana ya Kitexas, anawafungulia wageni bia aliyoitengeneza mwenyewe gereji. Inatoka povu. Anafunga, anaongeza gesi, anafungua tena. Mara paaa! kama tairi la bodaboda limepasuka, kipande cha chuma kinaruka, bia inapanda juu kama bomba la Dawasa lililokatika, na mama mmoja mwenye sahani ya pilau anainama kwa sekunde ya mwisho. Kazi ya wiki tatu ikaishia kwenye nyasi.

Mpaka hapo ni kichekesho, kila mtu ana siku yake. Ubaya ulianza kesho yake asubuhi, staa alipoingia laivu dakika arobaini kumchana mzee aliyemuuzia zile kegi mbili. Mzee wa Kikenya, mstaafu, anauza kegi kuukuu na vipuri vyake nyumbani kwake. Akaitwa tapeli. Akaambiwa anauzia watu mabomu. Dakika arobaini nzima, hata shikamoo hakuna. Mashabiki nao hawakungoja kuambiwa, wakavamia ukurasa wa biashara ya mzee na kumwaga nyota moja moja, watu ambao hawajawahi hata kuiona kegi kwa macho.

Na hapo ndipo ilipo shida, kwa sababu anayeijua kegi akiitazama ile video anaona kosa ni la nani.

Ukisema kegi Nairobi, mtu anawaza Senator kwenye jagi. Lile pipa la baa lina mdomo mmoja katikati na ni mali ya kiwanda, siyo kitu cha kununua kwa mtu. Hizi za akina staa ni nyingine kabisa. Ni mitungi ya chuma cha pua ya galoni 5, kama lita 19, ambayo zamani kampuni za soda Marekani zilitumia kusambaza sharubati ya soda kwenye migahawa. Soda zilipohamia kwenye mifuko ya ndani ya boksi, mitungi ikabaki kwa wingi, na wapenzi wa bia ya nyumbani wakaidaka. Kule ni halali tangu sheria ya 1978: nyumba yenye watu wazima wawili inaweza kutengeneza galoni 200 kwa mwaka, alimradi haiuzi.

Mitungi yote ina midomo miwili juu, mmoja wa kuingizia gesi na mmoja wa kutolea bia. Kwa mbali inafanana kama mapacha. Kwa karibu kuna koo mbili. Ya kwanza ni ya pini, iliyokuwa ya Coca-Cola: mfupi, mnene kidogo, mdomo wa gesi una vipini viwili pembeni na wa bia una vitatu, kwa hiyo hata ukiwa gizani huwezi kuukosea. Ya pili ni ya gololi, iliyokuwa ya Pepsi: mrefu, mwembamba, mdomo hauna pini, na zile gololi zinakaa ndani ya kichwa cha mpira unaochomeka. Hapa midomo miwili inafanana sana, ndiyo maana watu wanatazama mikato midogo chini ya mdomo wa gesi, na vichwa vinatengenezwa kwa rangi, kijivu cha gesi na cheusi cha bia.

Staa alinunua mbili za gololi. Vichwa vyake viliingia vizuri, akaamini kamaliza. Hakujua kwamba kuingia kwa kichwa ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko chini ya mdomo, kwenye hesi, ile mistari ya kuzungushia ambako mdomo unafungwa kwenye mtungi. Hapo kila kiwanda kilikuwa na mambo yake. Kuna hesi ya inchi 9/16, kuna ya 19/32, kuna ya 5/8. Piga hesabu utaona tofauti ya moja na inayofuata ni 1/32 ya inchi, yaani haifiki hata milimita moja. Jicho haliioni. Na baya zaidi, mdomo mkubwa ukiufunga kwenye mtungi wa hesi ndogo unajifanya umekamata. Unakaza, unasikia umekaza, kumbe umeng'ata nusu.

Sasa rudi kwenye video yake mwenyewe ya siku tatu kabla ya bethidei, ile ya kuonyesha usafi. Kegi moja imeandikwa Cornelius ubavuni, nyingine Firestone, maandishi yanasomeka kabisa. Staa anafungua midomo yote minne, vivalvu, mirija na oringi, anatumbukiza vyote kwenye ndoo moja ya sabuni huku anaimba. Akimaliza anaokota chochote kinachokuja mkononi na kufunga. Mzee aliuza kegi mbili zenye vipuri vyake. Aliyezivuruga ni mwenye ndoo.

Halafu kuna ile ya kuongeza gesi. Bia ya kawaida inamiminwa kwa psi 10 mpaka 12 hivi. Yeye alipoona inasuasua akapandisha mpaka 30, mshale unaonekana kwenye saa ya regyuleta. Hizo 30 mtungi hauzisikii hata kidogo, mingi imegongwa chapa ya kuvumilia psi 130. Kwa hiyo ile hoja ya "kegi mbovu imepasuka" haina miguu. Mtungi haukupasuka, uko pale pale mzima kwenye video. Kilichoruka ni mdomo uliong'ata nusu. Mtu yeyote aliyewahi kulazimisha regyuleta ya mtungi mmoja wa gesi ya kupikia kwenye mtungi mwingine anaijua hii hatari, na jikoni angalau hakuna anayecheka nayo.

Mzee naye siyo malaika. Kumuuzia mgeni wa mambo haya kegi mbili za viwanda tofauti bila kumwekea hata kipande cha selotepu chenye namba ya hesi ni uzembe. Inasemekana pia oringi zilikuwa za zamani, zile za mpira ulionyonya harufu ya soda, na oringi tano za kegi moja ni hela ndogo sana kuzibadilisha kabla ya kuuza. Hilo angelalamikiwa kistaarabu na lingeeleweka. Lakini uzembe na utapeli ni vitu viwili, na staa aliyeishi kwa kuongea kwenye maiki anaujua uzito wa maneno kuliko shabiki wa kawaida.

Kilichoshusha heshima yake zaidi ni kilichofuata baada ya laivu. Siku mbili baadaye kapandisha posti mpya, katabasamu, kashika boksi la vipuri. Anasema amejifunza, sasa anatumia seti "inayoingia kegi zote", na ukitumia kodi yake unapata punguzo. Kegi zote! Hakuna mdomo unaoingia hesi tatu tofauti. Vivalvu vya ndani vipo vinavyojitahidi kuingia kwenye midomo ya aina nyingi, oringi nyingi zinaingiliana, sawa. Mdomo hapana. Kwa maana hiyo anawauzia mashabiki kosa lile lile lililomrukia mama wa pilau, ila safari hii yeye anakula asilimia yake. Kijana wa kwanza atakayeamini, akafunga mdomo wa 19/32 kwenye mtungi wa 9/16 na uso wake uko juu yake, atamlalamikia nani?

Mzee hakuingia laivu. Alituma voisi ya dakika moja tu kwenye grupu la Wakenya wa huko, nayo ikavuja. Sauti imechoka. "Kijana wangu, namba yangu ulikuwa nayo. Ungenipigia hiyo jioni ningekuja na spana na kalipa, tupime pamoja. Kabla ya kufungua toa gesi yote kwanza, uvute ile pete ya kwenye kifuniko. Na hizo kegi usizitupe, ni nzuri." Basi. Hakumtukana. Katukanwa mbele ya maelfu, bado anamfundisha jamaa asiumie.

Kufuta video ni kubonyeza mara mbili. Kusema "mzee nisamehe, nilichanganya midomo" ni sekunde tano, na laivu ya dakika arobaini ina nafasi ya sekunde tano nyingi. Wale wa nyota moja nao warudi kwenye ule ukurasa wakatoe walichoandika, kwa sababu mzee anaishi kwa wateja wa kuelekezwa na mteja mpya anaangalia nyota kwanza.

Mpaka jana usiku ile laivu ilikuwa bado imebanwa juu kabisa ya ukurasa wake, na posti ya punguzo iko chini yake. Chini ya posti kuna dogo mmoja kauliza kama seti itaingia kwenye kegi fupi yenye pini. Staa kamjibu kwa emoji ya moto.

Wewe unaonaje, afute au mzee naye ana lake la kujibu? Shusha komenti hapo chini.