Ndege ya Kompyuta Isitudanganye

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo limetugawa sisi tunaokutana kwenye kompyuta hapa Kakuma. Mashine ni chache, umeme wa sola una saa zake, bando nalo halingoji mtu. Sasa huo muda mdogo tuutumie vipi kwenye simuleta ya ndege? Wako wanaotaka tupake ndege rangi mpya, tuweke nembo za mashirika makubwa, tuongeze taa na madirisha. Sisi tunaoandika hapa tunasema hapana. Kwanza ndege iruke kama ndege. Rangi itakuja baadaye.

Tunazungumzia FlightGear, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuibadilisha. Ndege zake hupewa alama kuanzia 0 mpaka 5 katika mambo manne: namna inavyoruka, mifumo yake, chumba cha rubani, na umbo la nje. Angalieni wenyewe, jambo la kwanza ni kuruka. Lakini sisi tukipakua, tunaangalia picha tu. Ikiwa nzuri, basi, tunasema hii ni kali!

Ndege nzuri kwa macho inaweza kuwa mwongo mkubwa. Ukivuta pua juu na kupunguza injini, ndege ya kweli inafika mahali mabawa yanashindwa kuibeba. Hiyo ndiyo marubani wanaita stoli. Kwenye Cessna 172P, kitabu cha rubani kinasema inatokea karibu na noti 51 bila flapu, na noti 46 flapu zikiwa chini. Kama ile ya kwako bado inaelea kwa noti 30, hiyo si ndege, ni puto. Tena, ukiongeza nguvu wakati wa kuruka, propela inavuta pua kushoto, na rubani anakanyaga pedali ya kulia ili abaki katikati ya njia. Ndege ya kompyuta inayokwenda wima kama reli inakufundisha kulaza miguu.

Wengine wanasema, si mchezo tu? Hebu tukumbuke yaliyotokea New York tarehe 12 Novemba 2001. Airbus A300 ya American Airlines ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, watu 265 wakafa, 5 kati yao walikuwa chini. Wachunguzi wa Marekani walisema rubani msaidizi alikanyaga usukani wa mkia kupita kiasi, huku na huku, mpaka mkia wima ukang'oka. Katika yaliyochangia walitaja muundo wa usukani wenyewe, na pia sehemu za mafunzo aliyopewa. Kwenye simuleta ya mafunzo yale, ndege ilikuwa inalazwa ubavu sana kupita inavyotokea kweli ikiingia kwenye hewa iliyovurugwa na ndege nyingine. Yaani mashine ilimwonyesha rubani hatari kubwa kuliko ilivyo, na inawezekana mikono yake ilikumbuka hilo. Uongo wa simuleta haubaki kwenye skrini.

Kurekebisha si uchawi. Cessna 172P ya FlightGear inatumia mfumo unaoitwa JSBSim, na tabia zake zimeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida. Ndani mna uzito, mahali uzito ulipokaa, na majedwali yanayosema bawa linabeba kiasi gani kwa kila pembe. Unafungua, unabadilisha namba moja, unaruka, unapima. Ukibadilisha tano kwa pamoja hutajua ipi imefanya nini.

Chukueni uzito tu. Ndege hiyo ikiwa tupu ina kama kilo 650. Mafuta yanayotumika yakijaa ni kama kilo 109. Weka watu wanne wa kilo 80, hiyo ni 320. Jumla 1,079, na mwisho unaoruhusiwa ni kama 1,089. Zimebaki kilo 10, begi moja la mgongoni! Lakini sisi tunaruka na viti vitupu na mafuta nusu, halafu tunasifu eti inapanda vizuri.

Halafu kuna joto, na hapo sisi wa Kakuma ni wataalamu. Kitabu kinasema ndege hiyo ikiwa na uzito wake wote inapanda futi 700 kwa dakika, lakini hiyo ni usawa wa bahari, nyuzi 15. Hapa tuko karibu futi 2,000, na mchana nyuzi 36 ni kawaida. Ukipiga hesabu, hewa yetu ni nyepesi kama ya futi 5,000. Goma, ambako wengi wetu tunapenda kutua kwa sababu ni nyumbani, siku ya nyuzi 25 hewa inakuwa kama ya futi 7,500, karibu sehemu moja kwa tano nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Injini inapata hewa kidogo, propela inashika kidogo, bawa linabeba kidogo, njia inahitajika ndefu. Ndege ikipanda Goma sawasawa na Mombasa, kuna kitu kimeharibika ndani yake.

Tunajua swali linalofuata: kwani tutakuwa marubani? Tuseme ukweli. Saa za kwenye kompyuta ya kawaida hazihesabiwi kwenye leseni. Shule za urubani ziko Wilson, Nairobi, na sisi hata kutoka kambini tunahitaji kibali. Hatumwahidi mtu kiti cha mbele.

Lakini kambini tumeshapewa vyeti vingi vya mafunzo ya wiki mbili, na siku ya mwisho picha zilikuwa nyingi kuliko masomo. Tumechoka na vitu vinavyopendeza nje tu. Ukirekebisha jedwali la bawa likakubaliana na kitabu cha rubani, umejifunza hesabu, fizikia na kuandika programu, na hakuna wa kukunyang'anya. Tena marekebisho mazuri yanaweza kutumwa kwa wanaotunza ndege hiyo. Wao wanaangalia kama namba zako ni sahihi. Hawaulizi pasipoti, wala kadi ya mgao.

Basi pendekezo letu kwa ndugu na dada wote wa kikundi ni hili. Tuchague ndege moja ndogo, moja tu. Tutafute kitabu chake cha rubani. Tuandike kwenye daftari vipimo vitano: umbali wa kuruka, mwendo wa kupanda, spidi ya kawaida angani, spidi ya stoli, umbali wa kutua. Mmoja aruke, mmoja ashike saa, mmoja aandike, halafu tubadilishane, na dada zetu wasiachiwe daftari kila siku. Namba zikikubaliana na kitabu, hapo anayetaka kupaka rangi apake, na sisi tutamshikia brashi.