Adabu za Nyumbani: Siku Tatu Katika Nyumba ya Kale

Mwezi huu twaeleza khabari ya safari iliyotufunza jambo ambalo sisi, pamoja na miaka yetu mingi ya kufundisha watoto wa watu, tulikuwa hatujalijua katika nyumba yetu wenyewe.

Mwanetu wa pili, afanyaye kazi Dar es Salaam, alitupigia simu huko Tanga, akatuambia kwamba ametulipia sisi na mama yake tukapumzike Unguja kwa siku tatu, katika Hoteli ya Tembo iliyo Shangani, kando ya bahari. Tangu kuzaliwa kwetu tulikuwa hatujapata kulala hotelini. Kila tulikokwenda tulifikia kwa jamaa. Tukauliza kwanza kama mahali hapo hapauzwi ulevi. Akajibu kwamba hoteli ile yajulikana kwa kutouza vileo, na ndiyo sababu ya kuichagua. Basi tukafunga safari, naye akatupokea Dar es Salaam, tukavuka pamoja.

Kweli ni nyumba ya kupendeza. Jengo lake latajwa kuwa la mwaka 1834, na kwamba lilipata kuwa nyumba ya ubalozi wa Marekani. Ndani mna samadari na makabati ya kale, na mbele yake ni bahari tupu na majahazi yapitayo. Jioni ya pili tulikaa tukitazama maji, tukamweleza mwanetu yale tuyajuayo: kwamba Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja mwaka 1837. Merikebu za mji wa Salem zilileta kitambaa cha pamba, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Ndiyo maana bibi zetu wakaiita nguo ile marekani. Wafanya biashara waliichukua kwa mali kauli, wakaenda nayo bara miezi mingi, wakarudi na pembe, ndipo wakalipa. Na pembe zile zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi wao hawakuwa huru. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873. Hilo nalo tulimwambia, kwani asifuye mji wa kale akayaficha majonzi yake hakusema kweli yote.

Tulipotaja mali kauli, kijana aliinamisha kichwa. Hakusema neno mpaka tulipokwisha kusali Isha, tuliyoipunguza kwa kuwa tu wasafiri. Mama yake ndiye aliyemwuliza, "Mwanangu, una nini?"

Akasema, "Baba, mama, niwieni radhi. Fedha hizi si zangu. Nimekopa kwa simu, na deni lina riba, kila wiki laongezeka."

Tulighadhibika, tukataka kumkaripia. Tukamwuliza ni nani aliyemtuma kufanya hivyo. Akajibu kwa sauti ya chini, "Siku ya Idi ulisema mbele ya wageni kwamba watoto wa jirani wamewapeleka wazazi wao matembezini, na wako hata nauli hawajakutumia."

Ghadhabu ikatutoka. Neno lile tulilitamka kweli, tena kwa kicheko, kisha tukalisahau. Mwenzetu alilala nalo miezi mitatu.

Usiku uliobaki ulikuwa umekwisha kulipwa, basi tuliukaa, tukashukuru. Tuliporudi Tanga tuliuza mbuzi wetu wawili, na mama yake akatoa fedha za zamu yake ya upatu, deni la simu likafutwa. Sasa kijana atulipa sisi kidogo kidogo, bila nyongeza. Tuliandikiana mbele ya mashahidi wawili, kama tunavyofunzwa katika Suratul Baqara, aya ya 282, ili baba na mwana wasije wakasahauliana. Ila riba iliyokwisha kulipwa haikurudi.

Enyi vijana, hatusemi msiwafurahishe wazazi wenu. Kuwatembeza ni wema, na kuiona nyumba ya kale ni elimu. Walakini pimeni mkono wenu kabla ya kunyoosha. Yule mwenye mali kauli alikopa kitu alichotumaini kukiuza, naye hata hivyo aliweza kufilisika. Akopaye kwa ajili ya usingizi wa siku tatu atauza nini?

Nanyi wazazi wenzetu, neno hili latuhusu zaidi. Mtoto anaweza kuvumilia fimbo ya baba yake, lakini kupimwa na mtoto wa jirani mbele ya wageni kwamwumiza kimya kimya. Tusiwadai watoto wetu kwa mzaha kitu ambacho tungeona haya kuwadai kwa kweli.

Ijumaa iliyopita kijana alikuja nyumbani. Alasiri tulichukua chupa ya chai na mikate ya kumimina, tukaenda sote kukaa ufukweni hapa hapa Tanga mpaka jua likakaribia kuchwa. Bahari ni ile ile, na mama yake alicheka kuliko alivyocheka Shangani.

Wabillahi tawfiq.