Laptopu Inazimika Kila Goli Likiingia: Tuache Kukimbilia Kufomati

Najua nimepotea kidogo, kazi ni nyingi na umeme nao una mambo yake. Leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Nina neno na mafundi wetu wa kompyuta, kisha nina neno na sisi tunaowapelekea mashine.

Wikendi iliyopita nilikuwa Chale. Kwa wasiopajua: ukivuka feri ya Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, ukapita Ukunda na Kinondo, kabla hujafika Gazi unaingia kushoto kuelekea baharini. Watalii wanakijua kisiwa cha Chale kwa hoteli, wenyeji wanakijua kwa kaya iliyomo. Mimi napajua kwa pweza wa shangazi yangu, ambaye ni mama karanga, yaani hununua samaki kwa wavuvi, huwakaanga na kuwauza.

Mwanawe, binamu yangu, ana kibanda cha gemu. Laptopu moja, televisheni moja, pedi mbili, shilingi 20 kwa mechi. Gemu yenyewe ni ya mpira, ya miaka ya nyuma kidogo. Na tatizo lake alinieleza hata sijamaliza kuamkia wazee: "Kaka, goli likiingia tu, laptopu yazimika. Tii!"

Nilicheka. Nikadhani ananitania. Lakini vijana pale kibandani walikuwa wameshafika mbali, kuna waliosema ni jini hapendi Arsenal. Haya, tukakaa, tukacheza. Dakika ya 23 nikafungwa (mimi si mchezaji mzuri), mfungaji akaanza kushangilia, kamera ikamsogelea usoni... giza.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows upya. Ikaendelea kuzimika. Fundi wa pili akasema Windows ya yule wa kwanza ni mbovu, akafomati diski yote. Ikaendelea kuzimika vilevile. Lakini safari hii kuna kitu kiliondoka. Shangazi alikuwa amemwomba mwanawe amhamishie daftari la madeni kwenye kompyuta, nani kachukua samaki wa ngapi, nani kalipa nusu. Daftari lenyewe lilikuwa limelowa mvua likatupwa. Faili ikaenda na fomati, nakala hakuna. Kuna waliokuja wenyewe wakasema, shangazi, mimi nina deni lako. Wengine wanapita njia ya juu siku hizi.

Hapo ndipo nilipokasirika, na ndiyo sababu naandika.

Mashine inapokufa ndani ya gemu, swali la kwanza ni imekufa vipi. Kuna gemu kujifunga yenyewe ukarudi kwenye skrini ya Windows, huku mashine ikiendelea. Hapo mara nyingi mshukiwa ni programu: gemu yenyewe, draiva ya kadi ya picha, faili iliyoharibika, au kumbukumbu ya RAM. Kuna skrini ya buluu, ambapo Windows yenyewe imeona hatari ikasimama, na inakuachia msimbo wa kuufuatilia. Halafu kuna hii ya binamu, kuzimika ghafla kama mtu kachomoa waya, bila neno. Mashine isiyopata hata nafasi ya kulalamika, mara nyingi ina shida ya umeme au joto. Tofauti hii haihitaji digrii, inahitaji kuuliza tu. Mafundi wote wawili hawakuuliza.

Swali la pili ni mashine imeandika nini. Windows ina kitabu cha kumbukumbu, kinaitwa Event Viewer, na kimo ndani ya kila laptopu. Gemu ikijifunga, utakuta tukio namba 1000 likitaja programu iliyoanguka, faili iliyohusika na msimbo wa kosa. Kwa mfano 0xc0000005 maana yake programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Ukiona faili iliyotajwa ni ya draiva ya kadi ya picha, umeshapata pa kuanzia. Kwa binamu hakukuwa na namba 1000 hata moja. Kulikuwa na namba 41 tupu, tena na tena, saa za jioni kibanda kikijaa. Namba 41 husema tu kwamba mashine imewaka bila kuwa imezimwa vizuri. Haisemi kwa nini. Lakini msimbo wa skrini ya buluu ndani yake ulikuwa sifuri, kumaanisha Windows haikuona kitu kikija.

Na hapa niseme jambo moja kuhusu kufomati: unafuta kitabu hiki pia. Ni kama kuitwa kwenye ajali ukaanza kwa kuwafukuza mashahidi.

Sasa nikubali kosa langu. Nilipoona namba 41 nikasema moja kwa moja, joto! Pwani hii, unyevu, chumvi ya hewa, vumbi la mchanga, feni itakuwa imeziba. Nikafungua, nikapiga brashi, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, jasho linanitoka, nusu ya siku imekwisha. Tukawasha. Goli la kwanza, giza. Ningepima kwanza ningejua: niliweka programu ya kusoma joto, ikaonyesha nyuzi 76 sekunde chache kabla ya kuzimika. Prosesa nyingi za laptopu huanza kujipunguzia kasi zikikaribia 95 au 100. Kwa hiyo mimi niliyeenda kuwasema mafundi, nami nilikuwa nimetibu bila kupima.

Basi nikaanza upya. Nikashusha ubora wa picha na kuiwekea gemu kikomo cha picha 30 kwa sekunde. Mechi tatu, magoli tisa, haikuzimika. Nikaondoa kikomo, goli moja, ikazimika. Kumbe si goli, ni marudio ya goli! Kamera ikimsogelea mchezaji, nyasi, jasho, jezi, kadi ya picha inafanya kazi zaidi kuliko wakati wote wa mechi, na ikifanya kazi zaidi inakula umeme zaidi.

Nikageuza laptopu kusoma lebo ya chini. Inataka volti 19.5 na ampea 6.15, zidisha upate kama wati 120. Nikashika chaja. Volti 19.5, ampea 3.33. Wati 65. Chaja ya asili ilikufa mwaka jana, akauziwa hii kwa kuwa "tundu inaingia". Na betri ilikuwa imekufa zamani, haishiki chaji, kwa hiyo hakuna pa kuazima umeme pale chaja inapozidiwa. Chaja ikizidiwa inajikata kujilinda, na mashine isiyo na betri inazimika papo hapo. Tukaazima chaja ya wati 120 kwa mwalimu mmoja wa jirani mwenye laptopu ya aina hiyohiyo. Tulicheza mpaka isha. Jini alikuwa wati 55 zilizopungua.

Miaka minne chuoni, nimesoma algorithimu za kila namna, na jibu lilikuwa kwenye lebo ya chaja!

Sasa msinielewe vibaya, sisemi kosa huwa ni la vyuma kila mara. Wengi wenu mnaijua GTA San Andreas, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2005. Windows 11 toleo la 24H2 lilipotoka mwaka 2024, watu wakaona ndege ya majini iitwayo Skimmer imetoweka ndani ya gemu. Wakailaumu Windows. Aprili 2025 mtunzi wa programu anayejulikana kama Silent akaeleza alichokikuta: kwenye faili ya data, mstari wa Skimmer ulikosa vipimo vya magurudumu. Gemu haikuviwekea thamani ya kuanzia, ikawa inasoma mabaki ya namba za gari lililotangulia, na kwa bahati mabaki hayo yalifaa. Kwa karibu miaka 20! Windows mpya ikabadilisha kidogo matumizi yake ya kumbukumbu, mabaki yakafutika, kosa la zamani likajitokeza. Hapo ungepiga Windows hiyo hiyo mara kumi, ndege isingerudi.

Au mwaka 2024, Intel ilipokiri kwamba prosesa zake za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi. Wachezaji walikuwa wakiona ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha, wakibadilisha draiva usiku na mchana, na kadi haikuwa na kosa lolote.

Turudi kwa mafundi. Nimewasema, lakini tuwatendee haki. Fundi hulipwa kwa kupiga Windows. Hakuna anayemlipa kwa dakika 40 za kusoma kumbukumbu na kujaribu chaja. Akikwambia "nimeipima, chaja yako ni ndogo, nipe shilingi 500", utamwambia hujafanya kitu. Akifomati, unaona skrini mpya inang'aa, unatoa pesa kwa moyo mmoja. Tumewafundisha sisi wenyewe. Kwa hiyo ombi langu liko pande mbili. Fundi, kabla ya kufomati uliza mambo mawili: inakufa vipi, na kuna nini humu ndani ambacho huwezi kukipata tena? Mteja, lipia kupimwa kama unavyolipia maabara ya hospitali. Daktari hakupi dawa ya malaria kwa kukutazama usoni, na akifanya hivyo unahama.

Binamu amepata chaja ya wati 120, kwa bei iliyomuuma, na kikomo cha picha 60 nimemwekea kwa usalama. Nikamwambia shangazi sasa naweza kumtengenezea faili mpya ya madeni, tena yenye nakala kwenye simu. Akaniangalia, akaingia ndani, akatoka na daftari jipya lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.