Kompyuta Inayonguruma Mezani



Je, nyumbani kwako kuna kompyuta ya mezani inayonguruma kama mashine ya kusaga? Kwetu ilikuwepo. Tuliizoea hata tukaacha kuisikia, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, ili niandike hesabu za kikundi chetu cha akina mama kanisani na watoto wafanyie kazi zao za shule. Nikaiweka juu ya meza pale sebuleni, karibu kabisa na kiti anachopenda kukalia mama yangu mzazi. Mama ana miaka 79 na anavaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Haukupita muda mrefu nikaona amebadilika. Jioni watoto wakimweleza habari za shule anatabasamu tu. Ukimwuliza jambo anatikisa kichwa. Ikifika saa mbili anaaga kwenda kulala.

Mimi muuguzi, ninayehudumia wazee kila siku wodini, nikaanza kuwaza mambo mazito. Nikampima presha, nikampima sukari. Nikajiuliza kama ni sononi, au kama kumbukumbu zimeanza kumpotea. Kompyuta haikunijia akilini hata kidogo.

Jioni moja umeme ukakatika. Tukawasha taa ya chemli, na Mama akaanza kuzungumza. Alisimulia, akauliza maswali, akamcheka mjukuu wake wa mwisho, mpaka saa nne ya usiku. Umeme uliporudi nikawasha kompyuta nimalizie hesabu. Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, hicho kitu kinanivumia kichwani. Siwasikii."

Kumbe! Kifaa cha kusikia hukuza sauti, na mvumo wa feni nao ni sauti. Hata vile vya kisasa vinavyojaribu kuchuja kelele haviwezi kuiondoa yote. Tena sikio la mzee, hata lisilo na kifaa, hupata taabu kutenganisha maneno na kelele. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35, ili mtoto asikie vizuri anachofundishwa, na chumbani mwa kulala zisizidi 30. Kompyuta yenye feni chafu, ikiwa hapo hapo mezani, hupita viwango hivyo kwa urahisi. Usiogope, haitakuua masikio. Hatari hiyo huhesabiwa kuanzia kama desibeli 85 kwa saa nane za kazi kila siku. Lakini inaiba mazungumzo, na inamchosha mtoto anayesoma pembeni yake.

Sasa nikukiri kosa la pili. Nilichukua kitenge kizito, nikakikunja mara mbili, nikalifunika lile kasha wanaloliita sipiyu, kisha nikalisukuma mpaka likagusa ukuta. Kelele zikafifia, nikajisifu. Baada ya muda zikaanza upya kwa nguvu kuliko kwanza, na mwishowe kompyuta ikajizima yenyewe. Hesabu nilizoandika jioni ile nilikuwa sijazihifadhi. Nilirudia risiti moja moja kwa usiku mbili.

Ni sawasawa na mama anayeleta mtoto mwenye homa kliniki akiwa amemfunika mablanketi matatu. Kila wiki nawafundisha akina mama wasifanye hivyo, nami nikakifanya kwa kompyuta! Ndani ya kasha kuna kipima joto. Joto likipanda, feni huamriwa kuzunguka kwa kasi zaidi ili kupoza. Mara nyingi kelele ni dalili ya joto, na joto mara nyingi husababishwa na vumbi. Sisi tunaokaa Dodoma tunalijua vumbi la kiangazi.

Basi tulianza na usafi. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, ipeleke nje barazani, fungua ubavu wa kasha. Tumia brashi laini ya rangi, iliyo kavu na mpya, ukitoa vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya chuma yaliyo chini ya feni ya prosesa. Utashangaa, kwetu lilitoka kama pamba. Ukitumia mashine ya kupuliza hewa, zuia feni kwa kidole au kijiti isizunguke, maana upepo mkali unaweza kuiharibu. Usitumie kitambaa chenye maji. Na lile sanduku dogo la chuma ambamo waya wa umeme huingia usilifungue kamwe, kwa sababu hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa.

Baadaye fundi aliongeza mambo mawili. Alifuta ile dawa ya kijivu iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya, ili joto lihame vizuri. Kisha akabadilisha feni moja iliyokuwa inakwaruza, kwani beringi ikichakaa usafi hausaidii. Kama kasha lina nafasi, mwombe feni pana, ya milimita 120 badala ya 80. Feni pana hupitisha hewa ile ile ikizunguka taratibu, na mwendo ukipungua sauti hupungua sana.

Meza yenyewe nayo ilikuwa na hatia. Ubao mwembamba hutetemeka pamoja na kasha na kuwa kama ngozi ya ngoma. Nilikata ndala kuukuu vipande vinne, nikaviweka chini ya pembe za kasha. Bure kabisa, na mtetemo ukaisha. Siku hizi kasha limeshuka mezani. Liko juu ya kigoda upande wa pili wa meza, mbali na sakafu yenye vumbi, na nyuma yake nimeacha nafasi ya kiganja kizima hewa ipite. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6. Ndani ya nyumba hupungua chini ya hapo kwa sababu kuta huirudisha, lakini Mama aliona tofauti siku ile ile.

Wenye kompyuta ya mapajani, msiiweke juu ya godoro wala mto. Matundu yake ya hewa mara nyingi yako chini.

Kitenge kimerudi kabatini. Mama naye amerudia mazungumzo yake, na juzi mjukuu alipokosea kumsomea hesabu za mauzo ya maandazi ya kikundi, yeye ndiye aliyemsahihisha. Kumwambia aende kulala sasa imekuwa kazi.