Kompyuta ya Taasisi Haihojiwi

Mwaka wa masomo uliopita niliketi katika jopo la watahini watatu kutathmini miradi ya wanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Mimi si mtu wa fani hiyo. Nafundisha utawala wa umma, na niliwekwa pale kama mtahini kutoka idara nyingine ili haki ionekane ikitendeka. Nakiri mapema, msomaji asije akadhani nawarushia wengine mawe: siku ile haki haikutendeka, na mimi nilitia saini.

Kijana mmoja alileta mchezo wa kompyuta alioutunga mwenyewe. Mchezaji huendesha daladala katika jiji lenye foleni, hupakia abiria, hukwepa madimbwi na kutafuta hesabu ya tajiri kabla ya jua kutua. Aliuleta kwenye flashi, tukauweka kwenye kompyuta ya maabara. Dakika chache za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha kuta za nyumba zikatoka madoa ya zambarau na kijani, daladala ikazama katika lami kana kwamba ni maji, na mchezo ukajifunga. Akauwasha tena. Safari hii madoa yakatokea angani, na mchezo ukajifunga kabla hata abiria wa kwanza hajapanda.

"Samahani Dokta," akamwambia mwenyekiti, "kwenye kompyuta niliyotumia haijawahi kutokea. Naomba nijaribu kwenye hii ya jirani."

Mwenyekiti akatazama saa. Nje walikuwapo wengine wakisubiri zamu. Akamjibu kwa methali: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Tulicheka sote. Kijana akachomoa flashi yake na kutoka na alama za kufeli.

Miezi michache baadaye kompyuta ileile ikaanza kuharibu faili za mitihani za idara. Hapo, kwa kuwa aliyeumia sasa ni mwenye nyumba, fundi aliitwa siku hiyohiyo. Kwanza akapiga Windows upya, kama ilivyo desturi yetu kwa kila ugonjwa, haikusaidia. Ndipo alipoiacha usiku kucha ikiendesha Memtest86, programu inayoandika tarakimu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani ramu, kisha kuzisoma tena ili kuona kama zimebaki vilevile. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Kipande kimoja cha ramu kilikuwa kibovu. Kilipobadilishwa, nilimwomba fundi aufungue mchezo wa yule kijana, kwa kuwa nakala yake ilikuwa bado imehifadhiwa. Tuliucheza saa nzima. Daladala haikuzama.

Tangu siku hiyo nimejielimisha kidogo, na nilichojifunza kimeniongezea aibu. Kosa la mtunga programu kwa kawaida lina makazi: hutokea mahali palepale, mtu akifanya jambo lilelile. Ubovu wa mashine hutangatanga: leo ukutani, kesho angani, na mara nyingi huzidi mashine ikipata joto kwa sababu feni imejaa vumbi au umeme wake hautoshi. Kanuni hii si ya mkato, maana yapo makosa ya programu yanayotangatanga pia. Lakini madoa yaliyohama mbele ya macho yetu yalitosha kutufanya tuulize swali moja zaidi. Hatukuuliza.

Wenye kazi hiyo huuliza. Mwaka 2012 Patrick Wyatt, mmoja wa waasisi wa kampuni ya michezo ya ArenaNet, alisimulia jinsi walivyokuwa wakipokea ripoti za hitilafu za mchezo wa Guild Wars ambazo hazikuelezeka kwa kusoma msimbo. Mwenzake, Mike O'Brien, akaweka ndani ya mchezo kipimo kidogo: kompyuta ya mchezaji ifanye hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, kisha majibu yalinganishwe. Kompyuta nzima haiwezi kukosea hesabu hizo. Wakagundua kwamba takriban asilimia 1 ya kompyuta za wachezaji zilikosea. Na mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa seva za kampuni hiyo: zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya ramu vilipatwa na hitilafu katika mwaka mmoja. Hizo ni mashine zilizotunzwa katika vyumba vya baridi na umeme wa uhakika. Sisi tuna maabara yenye vumbi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, lakini tunaamini kwamba mashine zetu hazikosei.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya michezo tu, na aende Schaerbeek, Ubelgiji. Katika uchaguzi wa Mei 2003 uliotumia kompyuta, mgombea mmoja alionekana kupata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Kadi za sumaku zilizotumiwa na wapiga kura zilihesabiwa upya, na ikabainika kwamba alizidishiwa kura 4096 kamili. Nambari hiyo ni thamani ya biti moja, ile ya 13 katika mpangilio wa kompyuta. Programu ilikaguliwa na kosa halikuonekana. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti hiyo iligeuka yenyewe katika kumbukumbu ya mashine. Kosa lilishikwa kwa sababu lilikuwa kubwa kupita kiasi, na kwa sababu kadi zilikuwapo za kuhesabiwa tena. Lau ingegeuka biti yenye thamani ya 4 au 8, nani angeshtuka?

Sasa tujitazame. Mwananchi anapofika dirishani na mashine ya ofisi ikagoma, huambiwa "mfumo unasumbua, rudi kesho." Mfumo hauna jina wala bosi, ni kama mvua, umekuja na utaondoka. Lakini mashine ileile ikikataa taarifa za mwananchi, ghafla mwenye kosa anapatikana, naye ni mwananchi: amejaza vibaya, hakuhakiki, aende akaanze upya. Katika hali zote mbili nauli ni yake na siku iliyopotea ni yake. Ubovu wa taasisi ni ajali. Ubovu wa mnyonge ni hatia. Huo si upungufu wa vifaa. Ni mgawanyo wa mamlaka, na ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaujua vizuri kuliko mimi.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba nikifungua mlango huu kila mvivu atasingizia ramu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kijana angetuomba tumwamini. Hakuomba hivyo. Aliomba tupime. Kuhamisha flashi kutoka kompyuta moja kwenda ya jirani ni kazi ya dakika tano, na kipimo hicho humuumbua mvivu kama kinavyomwokoa mkweli. Anayeogopa kipimo rahisi kiasi hicho halindi viwango vya elimu. Analinda kiti chake.

Nadai mambo mawili yasiyohitaji bajeti. Kwanza, kazi ya mwanafunzi ikikwama kwenye mashine ya chuo, ijaribiwe kwenye mashine ya pili kabla alama haijaandikwa, na jina la mashine liandikwe kwenye fomu. Pili, ikigundulika baadaye kwamba mashine ilikuwa mbovu, kila uamuzi uliotegemea mashine hiyo ufunguliwe upya, hata kama hakuna aliyelalamika.

Hilo la pili ndilo lenye mgogoro. Nimeandika barua mbili nikieleza ripoti ya fundi na kuomba mradi ule utathminiwe tena. Jibu nililopata ni kwamba matokeo yalikwishapitishwa kwa kufuata taratibu. Ni kweli, taratibu zote zilifuatwa. Saini tatu zipo, na ya tatu ni yangu. Nimeandika barua ya tatu kuiondoa.

Kijana yule bado anarudia mradi, kwa ada ya mzazi wake. Kile kipande cha ramu nilimwomba fundi, nimekiweka juu ya meza yangu ofisini. Na ile methali niliyoichekea naisikia tofauti siku hizi: sisi watahini ndio tuliokosa maua, na tukamsingizia mtoto wa watu.