Machozi Hayazimi Moto

Wapo watu ambao wakimwona mtu mzima akililia jengo, hucheka. Jengo, husema, ni mawe na mbao. Likiungua hujengwa jingine. Na aliyesoma ndani yake hupotewa na nini, ilhali elimu yake amekwisha kuondoka nayo kichwani? Hoja hii ilisikika mara mbili katika mji wa Glasgow, Uskochi: kwanza baada ya moto wa tarehe 23 Mei 2014, na tena baada ya moto wa usiku wa tarehe 15 Juni 2018, ulioliteketeza jengo la Skuli ya Sanaa lililosanifiwa na Charles Rennie Mackintosh. Ni hoja nyepesi, lakini haifai kupuuzwa, kwani wanaoitoa si maadui wa sanaa peke yao. Wamo washika fedha, wamo wapangaji wa miji, wamo hata wasanii waliochoshwa na sifa za jengo moja.

Kwanza ijulikane jengo hilo lilikuwa nini. Mwaka 1896 skuli ile, chini ya mkuu wake Francis Newbery, ilikuwa na paundi 14,000 za kujengea, na ilitaka nyumba ya kawaida isiyo na madoido, juu ya kiwanja cha mteremko mkali katika mtaa wa Renfrew. Mackintosh alikuwa kijana wa miaka 28 hivi, mwajiriwa katika ofisi ya wasanifu ya Honeyman na Keppie, naye mwenyewe alikuwa amesoma katika skuli hiyo nyakati za jioni, baada ya kazi. Fedha hazikutosha kujenga kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya mashariki ilifunguliwa mwaka 1899. Ya magharibi, yenye maktaba, ikangoja hadi 1909. Anayesema kwamba uzuri ni anasa ya matajiri na aitazame hesabu hiyo.

Pili, jengo lile lilifundisha. Madirisha makubwa ya vyumba vya uchoraji yalielekea kaskazini. Katika visiwa vilivyo karibu na ikweta jua hutembelea pande zote mbili za nyumba katika mwaka mmoja. Uskochi, kwa sehemu kubwa ya siku, halipigi upande wa kaskazini, na mwangaza unaoingia kutoka huko ni mtulivu, hauhamishihamishi vivuli juu ya uso wa mtu anayechorwa. Mbele ya madirisha hayo palikuwa na vyuma vilivyopindwa kwa ustadi, vilivyochanua kama maua. Mgeni aliviona ni pambo. Msafisha vioo aliegemeza ubao wake juu yake. Juu kabisa palikuwa na ushoroba wa vioo ulioitwa kwa mzaha Kizimba cha Kuku, na aliyepita humo akielekea darasani aliuona mji umetandazwa chini yake upande wa kusini. Kisha ilikuwapo maktaba: mbao zilizotiwa rangi ya giza, nguzo zilizosimama kama miti ya msituni, madirisha marefu membamba, na taa zilizoning'inia chini juu ya vitabu. Mwanafunzi aliyetoka kwenye weupe wa chumba cha uchoraji akaingia humo alijifunza thamani ya giza bila ya mwalimu kufungua mdomo.

Ndiyo maana waliosoma humo, wanapoyakumbuka masomo yao, hawaanzi na vyeti. Huanza na harufu ya rangi na tapentaini, ngazi zilizoliwa na nyayo, sakafu yenye matone ya rangi ya watu waliotangulia. Katika skuli hii alipita Joan Eardley, aliyewachora watoto wa mitaa ya kimaskini ya mji huohuo. Akapita Alasdair Gray katika miaka ya 1950, ambaye riwaya yake Lanark, iliyotoka mwaka 1981, ina kijana anayesomea sanaa Glasgow. Akapita Jenny Saville, aliyehitimu mwaka 1992. Hawakufanana kwa mkono wala kwa jicho. Jengo lile halikumwambia mtu achore nini. Lilimwambia tu kwamba kazi anayoifanya inastahiki nyumba kama ile. Kwa kijana wa miaka 18 aliyetoka katika nyumba ambamo uchoraji huhesabiwa kuwa uvivu, hilo si somo dogo. Kumbukumbu hizo, basi, ni ushahidi, na anayezicheka anaukataa ushahidi kabla ya kuusikiliza.

Lakini ushahidi huo usigeuzwe pazia. Hapa lawama inawageukia wapenzi wa jengo wenyewe, maana wao ndio waliolisifu sana na wao ndio waliokuwa na funguo. Mwaka 2009 Taasisi ya Kifalme ya Wasanifu Majengo ya Uingereza iliendesha kura, na jengo hili likachaguliwa kuwa bora kuliko yote yaliyojengwa na Waingereza katika miaka 175. Miaka mitano baadaye, siku ambayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakitayarisha maonyesho yao, gesi ya povu la kujazia mianya ilishika moto kwenye projekta katika chumba cha chini. Moto ukapanda kwa njia ya mianya na mifereji ya zamani ya hewa ukaifikia maktaba. Mfumo wa kunyunyiza maji ya kuzimia moto ulikuwa bado unafungwa. Kazi ilikuwa imecheleweshwa baada ya kugunduliwa asbesto. Watu wote walitoka salama. Maktaba haikutoka, wala kazi za wanafunzi wengi.

Ingedhaniwa kwamba somo limeeleweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Hapa hata ukuta uliokuwa ukijengwa haukulindwa. Mwaka 2018, ukarabati ukiwa umekwisha kusonga mbele sana, moto wa pili ulikula kila kitu ukaacha kuta. Ripoti ya kikosi cha zimamoto cha Uskochi, iliyotolewa Januari 2022, ilisema chanzo hakikuweza kuthibitishwa, kwa kuwa uharibifu ulikuwa mkubwa mno. Kabla ya hapo, Machi 2019, kamati ya bunge la Uskochi ilikuwa imekwisha kuona kwamba hatari ya moto haikupewa uzito uliostahiki. Moto ulijifutia nyayo zake. Uzembe huacha nyayo zaidi.

Hayo hayapaswi kusomwa visiwani kama habari za mbali. Tarehe 25 Disemba 2020, pale Forodhani, sehemu ya Beit el Ajaib ilianguka, watu wawili wakafariki. Jumba hilo la mwaka 1883 lilikuwa katika matengenezo. Kumbe majumba haya mawili, lililoungua na lililoanguka, yalifikwa wakati yako mikononi mwa watengenezaji, yakiwa yamezungukwa na sifa. Sifa si nguzo. Mji unaweza kulitia jengo kwenye kila picha ya kumvutia mgeni, na bado usijue nani anayelizungukia usiku.

Sasa limebaki swali la kujenga upya. Wako wanaosema kwamba nakala ni uongo, na kwamba heshima ya Mackintosh ni kumwachia kijana wa leo asanifu jengo la leo. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa Mackintosh mwenyewe hakunakili mtu. Lakini inasahau kitu kimoja: jengo hili halikuwa fumbo lililozikwa na fundi wake. Baada ya moto wa 2014 wanaakiolojia walichekecha majivu ya maktaba, wakiokota vipande vya taa na vitabu. Mafundi wakajifunza tena kila ungio la mbao. Ujuzi huo haukuungua. Wako pia wanaosema jengo lirudi lilivyokuwa, hadi msumari wa mwisho. Oktoba 2021 skuli ilitangaza kwamba itafuata njia hiyo, ikitaja mwaka 2030. Baadaye kazi ikakwama katika mashauri ya bima na mipango ya kuandikwa upya.

Na lirudi, basi. Lakini lirudi skuli, lisirudi makumbusho. Lisiwe mahali ambapo mgeni hununua tiketi na kutembea kwa ncha za vidole, huku wanafunzi wakipelekwa kwenye maboksi ya kioo ng'ambo ya barabara. Kipimo cha ukweli wa jengo hilo hakitakuwa kufanana kwa nguzo zake na picha za zamani. Kitakuwa viwili: kwamba maji ya kuzimia moto yapo ndani ya mabomba kabla ya kitabu cha kwanza kuwekwa rafuni, na kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaruhusiwa kumwaga rangi sakafuni.

Likishindwa cha kwanza, litaungua mara ya tatu. Likishindwa cha pili, halitahitaji moto. Na wale wanaolikumbuka kwa mapenzi, waliokwisha kulia mara mbili, wana haki ya kuuliza jambo moja kabla ya kuombwa mchango mwingine wa fedha au wa machozi: safari hii, nani atakayelinda?