Muache mugeni akae, aulize

Ku Copenhagen, mu inchi ya Denmark, kijana moja Ronni Abergel na wenzake walianzisha mwaka 2000 kitu ambacho sisi wa sendika tunaona kingefaa sana hapa kwetu Katanga. Walienda kwenye tamasha ya muziki ya Roskilde wakafungua maktaba isiyo na karatasi. Vitabu vilikuwa watu. Unafika, unachagua mutu: polisi, mukimbizi, kipofu. Unakaa naye karibu nusu saa, unamuuliza hata lile swali unaloona haya kuliuliza barabarani, naye anajibu juu amejitolea mwenyewe. Ilidumu siku 4, saa 8 kila siku, na wasomaji walipita 1 000. Leo jambo hilo limeenea inchi nyingi.

Tunajua wenzetu watasema nini: “Ile ni mambo ya bazungu benye kuwa na wakati.” Haina vile. Hapa Lubumbashi, mwaka uleule wa 2000, wenye masomo wa Université walianza mradi Mémoires de Lubumbashi, wakapita mu kartie kusikiliza wazee na bamama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alitunga kitabu Bana Shaba abandonnés par leur père, juu ya maisha ya watumishi wa Union Minière na Gécamines pamoja na jamaa zao. Ni kazi tunayoiheshimu. Lakini kitabu ni cha Kifaransa, na jirani ya yule muzee, mutu wa lupango ya pili, hakukisoma. Sisi tunataka yule jirani njo aulize.

Kuulizwa, tumeulizwa sana. Ku Kolwezi, tangu dunia ianze kutafuta kobalti ya betri, kila mara mutu anashuka na kamera, anauliza creuseur maswali mawili matatu mbele ya shimo, anapiga picha ya mikono yake, anaenda. Creuseur hajui picha imefika wapi. Hakupata hata nafasi ya kumuuliza yule mutu: na wewe, kwenu unafanya kazi gani, unalipwa ngapi? Ile si mazungumuzo, ni kuchimba tena.

Na kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai waliitwa hapa “bilulu”, wadudu. Walitolewa mu manyumba, wakalala mu gare ya Likasi wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, na wengi kati yao walikuwa hawajaiona ile Kasai hata siku moja. Wengi walikufa. Leo vijana wanashuka tena na malori kutoka Kasai kutafuta kazi, na mu bistro, mu taksibisi, tunasikia maneno yaleyale yanarudi polepole. Sisi wa kazi hatuwezi kunyamaza juu ya hii, maana tunajua nani anafaidika wakati watumishi wanachukiana.

Tuliiona mu kompani moja ambayo hatutaitaja. Tulikuwa tunakusanya sinyatire kwa ajili ya prime ya vumbi. Bale ba journalier walikataa kutia mukono, wakisema machiniste wote ni wa kabila moja na watakula peke yao. Saa ya kula, kijana moja akamuuliza machiniste wazi kabisa: “Muzee, weye ulikuya huku juu ya nini?” Tuliogopa ngumi. Machiniste akaweka sahani chini akaeleza: alizaliwa Likasi, aliondoka 1993 na mama yake na sufuria moja, alirudi juu kaburi ya nkambo wake iko hapa. Kisha akauliza: “Na weye, mwanangu?” Kijana akasema baba yake alitoka mu départ volontaire ya 2003, ile ambayo zaidi ya watumishi 10 000 wa Gécamines walitoka kwa feza ya Banque mondiale, na tangu pale yeye aliacha masomo. Wakakaa pale mpaka pita ikalia. Hatusemi kila mutu alitia mukono siku ile. Walitia wengi kuliko juma iliyopita.

Rafiki yetu moja wa komite anatuambia masimulizi hayajazi sufuria. Ni kweli, na décompte final ya muzee mwenye kukohoa haitalipwa na masimulizi. Hakuna mutu wa sendika atakayeacha kudai juu amesikiliza. Lakini wale tunaodai nao, tunawajua?

Kwa hiyo tunapendekeza kuanza, posho mbili kwa mwezi, mu sale ya paroise ao mu serkle ya zamani. Muzee retraité, creuseur, mama mwenye kusafisha majiwe mu mutoni, mutu aliyepanda treni ya 1993, na pia mutu aliyeshangilia wakati treni inaondoka, kama atapatikana mwenye roho ya kuja. Mushinwa wa magazini naye, na mukalimani. Telefone zinabaki mulangoni. Hakuna picha. Mwenye kusimulia anaweza kusema “pale usiguse”, na swali linaishia pale. Hakuna malipo, paka chai na mukate, juu mutu akilipwa kwa machozi atatafuta machozi. Na mwenye kazi asitaje jina la kompani yake wala la chefu wake: tumeona watu wakifukuzwa kwa maneno madogo kuliko yale.

Sale tumekwisha kuipata. Viti ni 20. Wasimulizi waliokubali ni 4, wote wanaume. Bamama wanasema watakuja kusikiliza kwanza, waone tunavyouliza.